Jina Yenye Comité Ilifuta

Bwana préfet, mukubwa wa masomo yetu, bachungaji wetu, Bwana Zorobabel prezida wa comité ya bazazi, baalimu wenzangu, bazazi, na ninyi banafunzi wenye jua inachoma tangu asubui: nawasalimia wote.

Baliniomba hotuba yangu ya retraite, ya kuaga kazi, ikuwe fupi na ya upole. Fupi, nitajaribu.

Miaka makumi tatu na mbili nimefundisha hapa Butembo, na sijaona bushujaa kama ya comité juma hii. Batu bakubwa saba, na Fanta yao na cachet yao ya muhuri, balikaa mu bureau kupigana na jina ya mutoto. Ku liste ya zawadi iliandikwa Kavuo Halima, wa kwanza mu sixième, darasa ya sita. Bwana Zorobabel alikamata bic, akafuta Halima. Akaniambia: «Madame Emérence, kule Beni batu banauawa na waasi benye kujiita Waislamu. Hiyo jina ya Kiarabu itaogopesha bazazi. Uandike tu Kavuo, inatosha.»

Inatosha kwa nani? Bwana prezida, wewe ni Munande, na haukujua? Mu kabila hiyo, Kavuo inatuambia tu mutoto ni binti wa ngapi mu nyumba. Mu darasa yangu niko na ba Kavuo tano. Donc asubui hii, secrétaire alipoita Kavuo wa kwanza, batano balisimama, na zawadi ilienda kwa ule wa mbele, mwenye amerudia mwaka mara mbili. Mulipiga makofi. Mama yake alilia furaha. Halima akakaa tena chini.

Sasa musikie ile jina yenye inawatetemesha. Halima, maana yake ni mupole, mwenye kuvumilia. Waislamu banaipenda juu ya mama mumoja wa zamani, mwenye alinyonyesha mutoto yatima, na ule yatima akakuwa nabii wao. Ni jina ya maziwa, lakini ninyi munasikia bunduki.

Na huyu wetu? Baba yake ni shemasi, hapa mu kanisa letu. Bibi yake, mama ya huyu mutoto, alikufa kule Kamango siku ya kumuzaa. Mama mumoja Mwislamu, muuza samaki, alikuwa na mutoto mudogo. Alikamata na huyu, akamunyonyesha miezi munane, na hakuomba kitu. Aliitwa Halima. Mulitaka shemasi amuite binti wake nani? Zorobabel?

Ule mama, bauaji benye munaogopa balimuua yeye pia, na mutoto wake. Jina yake imebaki mahali moja tu, na ninyi mulipeleka bic pale.

Na mimi nisijifiche. Mwaka muzima nilimuita Halima wetu «Kavuo wa dirisha», juu ya kuogopa comité. Kwa woga, tulikuwa munane.

Kavuo wa mbele, mutoto wangu, wewe haukukosa. Weka zawadi pa meza. Bwana préfet, nimeandika liste upya, na bic yangu.

Kavuo Halima, simama. Wengine mubaki kukaa.

Aksanti kwa masikio yenu. Makofi, mupatie yeye.