Kopo la Kifuniko Chekundu

Kwenye Noah ya kutoka Ilongero kwenda Singida mjini, mbele yangu walikaa mama mmoja, Raheli, na binti anayesomea utabibu, Saada. Walianza na shikamoo, na kabla hatujafika mbali gari zima lilishajua kwamba mume wa Raheli ameondolewa kidole tumbo na daktari akakuta uvimbe ndani yake.

"Kama karanga tu, mwanangu. Kitu kidogo hivyo kitasambaa kiende wapi?"

"Kwenye ini, mama. Hata kidogo kinaweza, kama kimechimba ukuta wa utumbo. Ndiyo maana mlipewa kile kinyama mkipeleke maabara. Majibu yanasemaje?"

Raheli akageukia mashamba ya alizeti. "Mama mkwe alikataa. Alisema nyama ya mwanawe haizungushwi kwenye mabasi kama kitoweo. Akaizika nyuma ya zizi, na sala akasali."

Saada alishika kichwa. Mimi nilikuwa natafuna karanga, niliacha.

"Mama! Alizika na kopo lake? Lile la hospitali, la kifuniko chekundu, lenye dawa? Kama ni na kopo, fukueni leo leo, huenda bado kinapimika!"

"Sijui. Mimi nilikuwa wodini na mgonjwa..." Gari likaingia stendi, likasimama. Hakuna aliyeshuka.

"Mwanangu," Raheli akasema taratibu, "asubuhi nimetia mlenda chumvi. Nimeichota kwenye kopo la kifuniko chekundu."