Chombo cha Kuvundikia Bangi ya Nélida

Elbio Techera alifika kwenye benchi la mbele ya duka la mikate, hapo mjini Paysandú, akiwa ameshakasirika, maana alijua atakachokikuta. Nyumbani, bangi aliyoipanda uani na kuiandikisha kisheria ilikuwa imeshavunwa, matawi yamekaukia kabatini. Kilichobaki ni kuivundika, yaani kuifungia chomboni ikolee taratibu. Mwaka jana alifuata ushauri wa benchi hili hili, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, ikaota kuvu yote. Mkewe Nélida, ambaye baridi yabisi imemkunja vidole na ambaye huivuta ili maumivu yatulie alale, akapitisha majira yote ya baridi bila usingizi, akijikanda mikono kwa maji moto. Hakumlaumu mumewe hata siku moja. Hilo ndilo lililomkera Elbio zaidi.

Alimimina maji ya moto kutoka chupa yake kwenye kibuyu cha yerba, majani ya chai yanayonywewa kwa mrija, akampa Mrusi, ambaye Urusi hajawahi kuiona hata kwenye ramani.

— Nataka jibu moja tu, jamani. Niweke kwenye chombo gani?

— Kopo la biskuti, alisema Mrusi, akavuta mrija. — Bati halipitishi kitu.

— Bati linashika kutu, mzee. Unataka shemeji avute kutu? Huyo alikuwa Skrubu, fundi baiskeli. — Tafuta sanduku la mbao, kama la sigara.

— Mbao zinanyonya harufu yote, alidakia Mnene, mwembamba kama waya. — Mtungi wa udongo. Udongo unapumua.

— Ukipumua si itakauka iwe vumbi? Skrubu aliuliza.

— Unatia ganda la chungwa, Mnene alijibu.

— Ganda ndilo lililoleta kuvu, Elbio alisema. — Mwaka jana mliniambia nitie ganda.

— Nani alikuambia?

— Wewe.

Mnene akageuka kutazama barabara.

— Basi ifukie, alisema Mrusi. — Itie kwenye dumu la mvinyo, chimbia chini ya banda la kuku. Joto la kuku halipandi, halishuki.

— Na kuku wakilewa? Skrubu aliuliza.

— Watataga wamelala.

Elbio alimpokonya Mrusi kibuyu.

— Mke wangu halali, nyie watu. Nawaambia habari za mke wangu, mnaniletea kuku.

Skrubu akakohoa.

— Chupa ya kioo, basi. Ya kifuniko cha kuzungusha, ukaze kwelikweli. Kila siku unafungua ipate hewa, unakaza tena. Mbona kila mtu anajua.

— Sasa mwaka jana hukusema kwa nini?

— Mwaka jana ulimuuliza Mnene.

Nélida, aliyekuja naye na kuingia kununua mkate, akatoka dukani, mkate ameubana kwapani.

— Mmefikia wapi?

— Kioo, shemeji, Mnene alijibu kwa furaha. — Kifuniko cha kukaza. Kufungua na kufunga kila siku, basi.

Nélida alitazama vidole vyake, vilivyolala upande mmoja.

— Na nani atanifungulia?

Elbio asubuhi yuko benchini, mchana hadi usiku wa manane analinda maghala bandarini.

— Mimi, alisema hatimaye.

— Saa ngapi, Elbio?

Elbio aliinuka benchini. Aliuchukua mkate kwapani kwa mkewe, akaokota chupa yake ya maji ya moto.

— Na sisi, maji? Mrusi aliuliza.

— Yamekwisha, alisema Elbio, na chupa ilikuwa bado nzito mkononi.