Ukurasa Nilioutia Mwenyewe Kitabuni

Sogeeni karibu, Kamta na wewe binti yangu Phulmati, na mlango uacheni wazi, maana hao waliojaa uani wamekuja kunisikiliza nikifa, na mimi sijawahi kuwafukuza wasikilizaji. Nisikilizeni wanangu mpaka mwisho, wala msinikatize, kwa sababu pumzi yangu sasa ni ya kuokoteza.

Nyati wetu wa maziwa ni wa Phulmati pamoja na ndama wake, na Kamta asije akasema yeye ndiye aliyekuwa akimlisha. Nyumba ni yenu wote wawili. Mali imekwisha. Kilichobaki ni kile kitabu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu pale juu, nacho kinaniua kuliko hili tumbo lililojaa maji.

Katika Semarkheda nzima na vijiji kumi na viwili vinavyotuzunguka, hajazaliwa mtu wa kuusimulia ule Utenzi Mkuu wa kale kama mimi, Baijnath, baba yenu. Siku tisa mfululizo nilikuwa nasimulia, wanawake wakaacha mikate ikaungua, na kuna bwana harusi alichelewa harusi yake mwenyewe kwa sababu nilikuwa sijamtoa mfalme msituni. Muulizeni yeyote, ila huyo bwana harusi labda nimemwongeza. Lakini kusoma? Niliishia darasa la nne. Lugha ya wahenga iliyomo humo niliikariri mdomoni mwa babu yenu, na zile karatasi ndefu zisizoshonwa nilikuwa nazigeuza moja moja kwa maringo, macho yamezikazia, na siku nyingine nilizishika miguu juu kichwa chini.

Mtu mmoja tu alinigundua, naye ni Halke mfinyanzi, asiyejua hata herufi moja, ila bibi yake alimlea kwa utenzi ule ule. Ni miaka ishirini na miwili sasa, mwaka ule mvua zilipogoma, niliwaambia watu kwamba yule malkia wa utenzi aliyefukuzwa ikulu alipita hapa kwetu akanywa maji ya bwawa letu. Halke akasimama katikati ya umati, mikono imejaa udongo, akasema, "Panditji, msomi wetu, huyo malkia umempa miguu mirefu mno. Kitabuni hakufika huku. Au alikuja nyumbani kwako peke yako, mama Kamta akiwa kwao?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyumbani kutafuta karatasi na wino.

Kesho yake nilikuja na ukurasa. Niliuandika mwenyewe, nikauchovya katika maji ya manjano, nikaukausha juu ya moshi wa jiko, nikauchomeka kati ya kurasa za babu yenu. Mnajua kilichoandikwa humo? Dua ya ng'ombe mwenye homa, basi, maana katika lugha ile ndiyo pekee niliyoweza kuiandika. Phulmati aliusoma alipokuwa na miaka kumi na mitano, akaniangalia, akaurudisha mahali pake, na tangu siku ile hatujawahi kutazamana sawasawa. Lakini mbele ya watu niliunyanyua, nikasoma hewani kwamba malkia alipofika bwawani na kiu yake, mfinyanzi mmoja aliyavuruga maji kwa makusudi, malkia akanywa tope, akalaani: siku mkono wa mfinyanzi utakapogusa maji haya, yatakauka.

Wanangu, nilidhani watamtania Halke wiki moja. Bwawa lilikuwa linapungua kila siku, watu wana hofu, na mimi nikawapa wa kumlaumu. Jua halijazama, walikuwa wamewafukuza wafinyanzi wote pale, na udongo wa ufinyanzi katika kijiji hiki unapatikana bwawani tu. Wakawa wanaenda kuchimba ukingo wa mto, mwendo wa saa nzima, mahali ambapo ardhi haishikiki. Miaka tisa iliyopita ukingo ule ulimwangukia Gendabai, mke wa Halke. Walimfukua mkono wake ukiwa bado ndani ya ugwe wa kikapu. Mimi nilikwenda kutoa pole, nikala kwao, nikarudi nikalala.

Maji, Phulmati. Kidogo tu. Basi.

Halafu akaja yule msomi wa chuo, mwenye miwani, anayezunguka vijijini na kitabu cha chapa kupima hadithi ipi imo kweli katika utenzi wa kale na ipi tumebandika wenyewe. Alipekua siku mbili, akawaambia watu kwa upole, "Ndugu zangu, hii haimo." Mlango wa kutoka katika uongo wangu ulikuwa umefunguliwa, ningenyamaza tu ningekuwa mtu. Lakini watu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Bwana, kitabu chako kimekaa mjini, na mchwa wa mjini wamesoma, wanajua waanze kula ukurasa gani." Wakamzomea mpaka kituo cha basi. Kipupwe kile kile wakajenga hekalu la malkia pale bwawani, na mwanangu Kamta ndiye anayeisimulia laana hiyo sasa, kwa ufundi kuliko mimi, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita nilibebwa kwa kitanda cha kamba mpaka hekaluni nikawaambia nilitunga. Mwenyekiti wa kijiji akanigusa miguu kwa heshima, akasema, "Panditji, hata kama ulitunga, nani alikutia maneno kinywani? Ni malkia mwenyewe." Wakanivisha shada la maua. Nikapelekwa kwa Halke. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kila mwaka mke wangu alifunga siku tatu akimwomba yule malkia atusamehe. Sasa unaniambia alikuwa anakuomba wewe?" Akarudi kwenye gurudumu lake.

Nina agizo moja. Mtakapouwasha moto wa kuuchoma mwili wangu, Kamta atauzunguka na chungu cha maji begani, kama desturi. Chungu hicho nataka kifinyangwe kwa udongo wa bwawa letu, Halke auchimbe kwa mikono yake, mchana, watu wote wakiona, na maji yake yachotwe hapo hapo. Nilimwomba mwenyewe. Alisema, "Nunueni cha shaba." Phulmati, nenda ukamwombe tena, ukaingie bwawani pamoja naye mpaka magotini. Akikataa, ni haki yake. Nichomeni bila chungu, bila maji.

Na ule ukurasa, Kamta. Unakitazama kitabu ulimo tangu nilipoanza. Hukunitazama mimi. Najua kinachokupitia, najua watu wakifika pale kwenye laana wanavyoacha kupumua, nami nilipenda hivyo hivyo. Njooni niwawekee mikono. Mishipa yenu iwe na nguvu, watoto wenu ndio wawachome mkiwa wazee, msikose nafaka. Ila, Kamta, mkono wangu u juu ya kichwa chako, nataka nisikie ukisema haimo. Neno moja. Haimo kitabuni.

Sema, baba.

Nangoja.

Nani huyo? Ni wewe, Phulmati? Rudia, mama. Kwa nguvu zaidi. Wa uani hawajasikia.