Duma Aliyepanda Ndege

Kwenye tramu ya kwenda mtaa wa Jette, huku ughaibuni, kijana Mhindi aliyekulia Bujumbura alimwonyesha papa mmoja, mzee wa Kivu, karatasi zake za masomo. Ijumaa anakwenda Delhi kufanya mtihani wa kazi za serikali, kwa mara ya mwisho anayoruhusiwa.

"Mwaka jana nilikosa kwa alama moja, papa. Waliuliza India ilileta mnyama gani kutoka Namibia. Nikajaza chui. Kumbe ni duma."

"Bon, kwetu pia yote ni chui tu," papa akacheka. "Lakini mimi nilitumika garde mu parc vingt ans, miaka makumi mbili kulinda wanyama. Angalia uso. Mwenye machozi nyeusi, huyo ni duma."

Kijana akainamia picha ya duma kwenye karatasi zake. Mistari miwili myeusi ilishuka toka machoni hadi mdomoni. "Miaka yote hii sikuiona!" Hata mimi, niliyekaa nyuma yao, nilinyoosha shingo. Swali lile la mwaka jana halitarudi mtihanini, lakini sikuwaharibia furaha.

"Na alifika kule namna gani?"

"Kwa ndege. Duma wa India wenyewe waliisha miaka sabini kabla."

Papa akashika kichwa. "Munyama kwa ndege! Mimi visa nilingoja trois ans, miaka tatu nzima!"

"Sasa safari hii wataniuliza: kumleta duma ni gharama tu, au ni mtaji wa kuzaa faida?"

"Mtaji, mutoto!"

"Lakini papa, pesa yote ile..."

Tramu ikasimama. Papa akashuka akiwa bado anabisha. Mlango ulipofungwa, alisimama nje ya dirisha akachora kwa vidole mistari miwili toka machoni hadi mdomoni. Asiyejua angedhani anamlilia kijana.