Jiwe Nililolinywesha Togwa

Mheshimiwa Meya, tuliyekusubiri saa nzima mpaka kondoo akakaukia motoni. Lonko wetu, mzee Nolberto Carilao, mkuu wa ukoo huu. Daktari Ibarra na wenzako wa chuo kikuu mliotoka mjini. Jamaa zangu wa Lleulleu na wa ng'ambo ya mto. Na nyinyi mliosimama mlangoni kama mnaotafuta njia ya kutoroka: nawaamkia nyote. Nikikosea mpangilio mniwie radhi, shule niliishia darasa la tatu.

Mimi ni Zunilda Liempi, mama yake Orfelina, ambaye jina lake mmelipaka rangi pale juu ya mlango. Limepakwa vizuri. Lingependeza zaidi angekuwepo kulisoma. Tulimzika mwezi wa Juni, mvua ikinyesha, na wengi wenu mlikuja, mkalia, mkanywa chai yetu ya majani ya mate jikoni kwangu, mkaenda zenu. Leo mmekuja kufungua nyumba ya vitu vya kale aliyoipigania miaka tisa. Mlipokuwa mkimcheka, rangi hiyo ilikuwa wapi?

Msiinamishe vichwa. Kwenu sijafika bado.

Rungu la jiwe mnaloliona ndani ya kabati la kioo alilifukua marehemu mume wangu, Eleuterio, akilima viazi kwa maksai. Lilikuwa chini, kwenye udongo mweusi wenye makombe ya pwani na mifupa ya kuku. Umbo lake mnaliona: bapa, limepinda kama kichwa cha ndege. Watu wa visiwani, huko mbali katikati ya bahari hii inayotupigia madirisha, walichonga marungu yanayofanana nalo. Orfelina alikuwa akisomea mambo ya kale, na swali lake lilikuwa moja: je, watu wale walifika kwetu kabla Mhispania yeyote hajatia mguu Amerika? Aliniambia kwamba huenda jibu limo kwenye uchafu ulioganda juu ya jiwe, na kwenye udongo na mifupa ya kuku iliyolizunguka, maana kuku nao hawakuwa ndege wa kwetu zamani.

Nilimpigia simu siku ileile lilipofukuliwa, Jumanne.

"Mama, sikiliza. Msiliguse."

"Baba yako keshaliweka mezani."

"Basi likae hapohapo mpaka nije Ijumaa. Na usilioshe, mama. Nakujua wewe, hata mvua ungeiosha."

"Unanijua nini? Mimi ndiye nimekuzaa."

Sasa niambieni, nyinyi mliolelewa katika nyumba zetu. Mgeni amekufikia mezani, katoka safari usiyoijua urefu, kalala ardhini miaka isiyohesabika. Utamwacha siku tatu na matope yake, bila salamu, bila kinywaji? Mama yangu alinifundisha kwamba kitu cha wazee kikijitokeza hukichukui hivihivi. Unakiamkia, unakitajia ukoo wako, unakipa cha kunywa. Nikalisugua kwa majivu. Nikalimwagia togwa yetu ya ngano, bakuli zima, nikaliuliza habari za kwao. Kisha nikalipaka mafuta ya nguruwe mpaka likang'aa. Mifupa iliyokuja nalo nikawatupia mbwa. Nililifanyia kama ningemfanyia mkwe wangu.

Ijumaa Orfelina alilitazama muda mrefu. Akaliinua mpaka karibu na pua.

"Mama, umelifanya nini?"

"Sijalifanya kitu."

"Mbona linanukia maandazi?"

"Kula, chakula kinapoa."

Akala. Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Jiwe likapelekwa maabara. Majibu yakarudi: lina chembe za ngano. Na ngano, mabibi na mabwana, ililetwa huku na Wahispania. Jambo hilo hata wa darasa la tatu tunalijua. Profesa mmoja, ambaye leo hayupo, akasimama mbele ya wenzake akasema kwamba binti yangu ama amedanganywa na mkulima, ama amedanganya mwenyewe. Habari zikafika huku kabla yake. Wewe Heriberto, mstari wa pili, usijifiche nyuma ya kofia. Ulimwambia nini kwenye harusi ya Ester? Ulimwambia, "Binamu, na mimi nina jiwe la kunolea visu, hebu lichunguze, huenda nalo lilikuja kwa mtumbwi." Watu wakacheka mpaka mpiga kodiani akakosea wimbo. Orfelina akacheka pamoja nanyi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani, nikaendelea kugawa nyama.

Wengine, nawe lonko ukiwemo, mkasema ni dharau ya wasomi kwetu sisi Wamapuche, wenyeji wa ardhi hii. Nikaitikia, ndiyo, ni dharau. Ilinifaa. Lakini Orfelina alikuwa amenieleza habari ya ngano, jikoni kwangu, na papo hapo nilijua ni togwa yangu. Ningeweza kusema. Nikafikiri: watanicheka, watasema bibi mjinga, kalinywesha jiwe. Nikajiambia nitamwambia mavuno yakiisha. Mavuno yameisha mara tisa. Kila mwaka aliniomba achimbe nusu ya shamba iliyobaki, upande wa mto, na kila mwaka nilimkatalia, nikisingizia kwamba nitapanda viazi, ambavyo sikuvipanda kamwe. Niliogopa atakuta udongo usio na ngano, nami nijulikane.

Alipofariki nilifungua madaftari yake. Nasoma polepole, kwa kidole. Nikafika ukurasa wa Ijumaa ile. Ameandika urefu wa jiwe, upana, uzito. Chini yake ameandika hivi: "Mama amelikaribisha. Majivu, mafuta, na nadhani togwa. Hili sitaliweka kwenye ripoti. Watamcheka."

Alijua tangu siku ya kwanza. Alikubali kuitwa mwongo ili mimi nisichekwe, na mimi nilimwacha aitwe mwongo ili nisichekwe. Kumbe sote wawili tulikuwa tukinilinda mimi. Alikosea, mtaalamu hafichi kitu, na angekuwa hai ningemgombeza mbele yenu. Lakini hayupo, kwa hiyo nabaki kujigombeza mwenyewe.

Daktari Ibarra, toa kalamu. Kile kikaratasi ndani ya kioo kinasema "asili haijulikani, kuna chembe za ngano". Ongeza: ngano ni ya Zunilda Liempi. Sijui kama jiwe lilitoka visiwani. Orfelina naye hakusema anajua; alisema tuulize vizuri, na mimi ndiye niliyemharibia swali.

Nusu ile ya shamba haijaguswa na jembe. Kuanzia Jumatatu njooni mchimbe. Heriberto atawabebea vifaa, na hatafanya mzaha. Mkikuta kitu, kiacheni na uchafu wake. Mimi nitakaa ndani, mlango nimeufunga, na togwa nitakunywa mwenyewe.

Nawashukuru kwa kunivumilia, maana si rahisi kumsikiliza mzee akijivua nguo hadharani. Mlango huo uko wazi. Ingieni kwa mwanangu, na matope ya viatu vyenu hivyohivyo. Leo sitamwambia mtu apanguse miguu.