Bi Bambo na Mlango wa Ghala Namba Mbili

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum, na kwa jirani zetu Wakristo, amani iwe nanyi. Popote mlipo, Wete, Chake, Madungu, hata kule Fundo, wekeni chini kidogo kazi ya mkono. Leo tunamkumbuka marehemu Bi Zulekha Masika, mkuu wa kitengo cha hifadhi katika Wakala wa Soko la Nafaka, tawi la Wete. Leo ni arobaini yake. Bi Zulekha hakufa kwa maradhi. Alipigwa ngumi na jiwe alasiri, jua likiwaka, mbele ya mlango wa Ghala Namba Mbili, na watu waliokuwa wakimjua kwa jina. Nalisema hivyo hivyo bila kulifunika, maana mwenyewe alikuwa hapendi kitu kifunikwe.

Alizaliwa kisiwani Fundo. Akavuka kuja Wete ana miaka kumi na tisa, keshaposwa mara mbili na mara mbili kakataa. Akaomba kazi wakala. Wakampa ufagio. Kazi yake ilikuwa kufagia mchele uliomwagika sakafuni, kuupepeta na kuurudisha guniani. Kutoka kwenye ufagio akatiwa kwenye shazia, ile sindano kubwa ya kushonea midomo ya magunia. Kutoka kwenye shazia akapandishwa mizani. Mizani alikaa miaka saba. Aliolewa hapo Wete, mumewe akafariki yeye yuko mizani, na binti yao wa pekee, Nahla, akalelewa juu ya magunia matupu.

Halafu wakala ukamsomesha, akaingia idara ya ubora. Wakala una idara tele, wasikilizaji wapendwa. Kuna manunuzi, kuna usafirishaji, kuna masoko, kuna utawala wenye viyoyozi vyao. Ubora wana bambo. Bambo, kwa asiyelijua, ni kile chuma chenye ncha na mfereji. Unalichoma ubavuni mwa gunia, likitoka linatoka na punje za katikati. Mtu atakupangia mchele mweupe juu, lakini bambo halimwonei mtu haya. Ndipo Wete nzima ikamwita Bi Bambo. Alinuna wiki moja, kisha akawa anaitika.

"Nyumbani ilikuwa shida," anasema Nahla, na hapo anacheka kidogo. "Mama hali wali mpaka auchungue. Ukimkaribisha harusini, anaipekua sinia kama anatafuta pete."

Lakini kazi ile ilikuwa na damu. Siku moja uliletwa mzigo wa tajiri mmoja, magunia mia tatu. Bi Zulekha akachoma la kwanza, zuri. Akachoma la kumi, bambo likatoka na ukungu wa kijani. Akasema mzigo wote urudi. Kuli mmoja wa tajiri yule, kijana mwenye mwili, akamsogelea na kulabu yake ya kubebea magunia.

"Sema mzima, we mwanamke."

"Umeoza."

"Sema mzima!"

"Wallahi umeoza, na wewe mwenyewe unajua, maana unaupakua umeziba pua."

Kulabu ikashuka. Ikaingia juu ya kiwiko, ikachana nyama mpaka karibu na kifundo cha mkono. Makuli wenzake wakamwangusha kijana yule, wakampiga mpaka meno mawili yakabaki sakafuni. Bi Zulekha akaufunga mkono kwa kipande cha gunia, akauomba muhuri wa kukataa mzigo, akaugonga kwa mkono wa kushoto. Karatasi ile ilikwenda ofisini na damu yake. Nyuzi ishirini na sita, wasikilizaji wapendwa. Ishirini na sita!

Baada ya hapo wakampeleka kitengo cha hifadhi. Labda walidhani wanampumzisha. Kitengo cha hifadhi ndicho kinachopambana na fukusi, wale wadudu weusi wanaoutoboa mchele. Magunia yanapangwa, yanafunikwa turubai, pembeni yanakandamizwa kwa mifuko ya mchanga, na ndani vinatiwa vidonge vinavyotoa hewa ya sumu. Hewa hiyo inanuka kama kitunguu thaumu. Haionekani, na ukishaivuta kwa wingi hakuna dawa yake. Ghala linafungwa siku saba, kisha linapepewa, ndipo mchele unakuwa salama kuliwa. Siku hizo saba mlangoni kunatundikwa kibao cha fuvu.

Sasa hapa nitasema kwa hasira, mnisamehe. Miaka miwili nyuma magunia yaliibiwa Ghala Namba Mbili. Wakubwa wakaona dawa ya wezi ni rahisi: kile kibao cha fuvu kisitolewe tena. Kikae mwaka mzima, sumu iwepo isiwepo. Bi Zulekha akapanda mpaka utawala.

"Bi Zulekha, kibao kinakukera nini?" akaulizwa.

"Kinasema uongo."

"Kinatisha wezi."

"Na siku ya kweli kitamtisha nani?"

Akaambiwa aandike barua. Akaandika. Utawala wakasema hilo ni la ulinzi. Ulinzi wakasema hilo ni la ghala. Ghala wakairudisha utawala. Barua nne aliandika, nakala anazo Nahla, nimezisoma kwa macho yangu. Hazikujibiwa. Na wezi wenyewe? Mwezi wa pili tu walishagundua kuwa lile fuvu ni la kutishia watoto, nao wakaenda kumsimulia kila mtu.

Mwaka huu, siku za mwisho za Shaabani, mchele ukaadimika Wete. Meli ilichelewa. Watu wakazunguka madukani na vikapu vitupu, Ramadhani iko mlangoni. Ghala Namba Mbili lilikuwa limejaa, lakini fukusi wameingia, na Jumatatu Bi Zulekha alikuwa ameshatia vidonge. Lifunguliwe Jumatatu ya pili. Alhamisi ikatoka habari kwamba mchele wote utapakiwa kupelekwa Unguja. Nani aliitoa, hajulikani. Baada ya sala ya alasiri watu kama mia mbili wakashuka kuelekea ghalani.

Mlinzi alikuwa Dionis, mtu wa bara aliyekaa nasi miaka kumi na tano. Yeye ndiye aliyenisimulia. Anasema mbele ya wote alikuwa Hamdan, fundi wa baiskeli pale sokoni, amebeba mtaimbo.

"Bi Zulekha, fungua," akasema Hamdan.

"Hakufunguliwi. Kuna sumu ndani kuno."

Wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Sumu ya mwaka wa pili hino!" Mwengine akanusa hewa. "Yakhe, mwasikia kitunguu thaumu? Wamo ndani wanajipikia pilau!"

Ndicho kilichoharibu mambo. Ile harufu, iliyotakiwa iwakimbize, iliwatia wazimu wa njaa na uchungu. Dionis akamnong'oneza, "Mama, tukimbie. Mali si yetu." Bi Zulekha akamjibu, "Dionis, mali naijua si yetu. Watu ndio wetu." Akautoa ufunguo mfukoni, akautupa katika kisima kilicho ubavuni mwa ghala, watu wote wakiona.

Kofi la kwanza lilitoka kwa mwanamke mwenzake. Kisha ngumi. Dionis akaingilia kati na rungu, akavunjwa mkono, akakanyagwa mbavu. Bi Zulekha akaanguka, akainuka, ushungi umemtoka, mdomo umepasuka. Akakumbatia komeo la mlango kwa mikono miwili. Wakamvuta kwa nguo. Wakamvuta kwa nywele. Vidole vyake vitatu vilivunjwa kwa kupigwa na mtaimbo, naye akaling'ang'ania komeo kwa viwiko, kikiwemo kile chenye kovu. Alikuwa akisema neno moja tu: "Mtakufa. Mtakufa." Wao wakalisikia kama tusi. Hapo Hamdan akaokota jiwe, akampiga nalo kwenye kipaji cha uso.

Akaachia. Mtaimbo ukatiwa mlangoni, ubao mmoja ukang'oka, na Hamdan akaingiza kichwa na mabega. Dionis anasema hata kuhesabu kumi hakufika. Alirudi nyuma anakohoa, akatapika, akaanguka kifudifudi, miguu inapiga chini. Watu mia mbili wakaanza kukimbia ovyo, na mmoja akapiga ukelele, "Leteni maziwa! Maziwa yanaua sumu!"

Bi Zulekha alikuwa amelala chini, jicho moja limejaa damu. Akasema, na Dionis alimsikia vizuri, "Maziwa hapana. Mvueni shati. Mpelekeni juu kule, upepo unakotokea. Huo mwanya uzibeni, tieni mchanga." Wakafanya alivyosema. Hamdan akavuta pumzi, akakohoa, akavuta nyengine. Walitiwa gari moja kwenda hospitali, Bi Zulekha na aliyempiga, ubavu kwa ubavu. Hamdan alifika hai. Bi Zulekha Masika alikata roho njiani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Hamdan na wenzake wawili wako mbele ya sheria, nasi hilo tunaiachia mahakama. Ghala lilifunguliwa Jumatatu kama Bi Zulekha alivyopanga, mchele ukauzwa Wete, hata gunia moja halikwenda Unguja. Ramadhani tuliula. Nami niliula, siko nje ya aibu hii.

Nilimuuliza Nahla kama amesamehe.

"Mama wa Hamdan huja kila Ijumaa," akasema. "Hukaa pale mlangoni, halii, haongei. Watu wananambia nisamehe, marehemu angesamehe. Najua angesamehe. Mie bado. Kikombe cha chai nampa, lakini bado."

Sitamwomba zaidi ya hapo, wala nawe usimwombe. Kwa Nahla, kwa ukoo wa Masika kule Fundo, kwa Dionis ambaye mkono wake bado umo kwenye plasta, kipindi hiki kinatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu ampe Bi Zulekha kauli thabiti na kaburi lenye nafasi. Na ninyi wakubwa wa ofisi zote zenye barua zisizojibiwa, leo zitoeni sandukuni mzisome.

Na mwisho nasema nawe uliyekuwapo pale alasiri ile. Mlikuwa mia mbili, na najua wengi mnanisikiliza, kwa sababu nyote mko hai. Vuta pumzi. Vuta, mpaka ijae kifuani. Hiyo uliyoivuta sasa hivi amekuachia Bi Zulekha.