Dito Mia Tatu Thelathini na Nane

Ndugu, majirani na wote mliokatisha shughuli zenu kuja kumsindikiza marehemu, historia hii imeandikwa na kaka mkubwa na inasomwa na binti wa mwisho, kwa kuwa kaka sauti imemkauka, na binti huyo anaomba radhi mapema, maana karatasi aliyopewa ataisoma pale inaposema kweli, na pale isiposema kweli ataiweka chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia Januari 1956 hadi Novemba 1962, na tarehe 2 Mei 1966 aliajiriwa katika stoo ya mashuka ya hospitali, chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya sabuni na pasi ya moto, ambako mtunza stoo wa zamani alimfundisha Kiingereza chote alichokijua maishani, nacho kilikuwa cha kuhesabia tu: peya, dazeni, listi, totali ya jumla, nil ya kusema hakuna kitu, na dito, yaani vile vistari viwili vinavyowekwa chini ya neno kumaanisha kama hapo juu. Kwa Kiingereza hicho hakuweza kuomba hata maji ya kunywa, lakini alitembea nacho kifua mbele miaka thelathini na saba.

Dito aliipenda kuliko yote kwa sababu inapumzisha mkono. Tarehe 17 Julai 1984 muuguzi mkuu alifungua rejista akakuta shuka la kwanza limeandikwa zima na chini yake dito mia mbili, akaenda kwenye rafu akakuta zaidi ya nusu yametoboka, huku wodini wagonjwa wamelala juu ya magodoro matupu, akampa barua ya onyo, naye marehemu akaipa namba, akaitia kwenye faili, akaendelea vilevile, kwani sikio la kufa halisikii dawa.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972 na mpiga pasi wa chumba cha pili, wakajaliwa watoto wanne. Wa kwanza aliandikwa kikamilifu katika rejista ya nyumbani, mvulana, Jumapili tarehe 4 Novemba 1973, saa kumi na robo alfajiri, kilo tatu na nusu, na mabinti watatu waliomfuata wakawekewa dito, ndiyo maana siku zao za kuzaliwa hazimo humu, msimlaumu msomaji. Aliwaita Wani, Tuu, Thrii na Foo. Mama yao, ambaye ndiye pekee aliyezikumbuka tarehe hizo, alifariki tarehe 30 Septemba 1991, akaondoka nazo. Foo ndiye huyu mnayemsikia.

Tarehe 4 Februari 2022 kiharusi kilimwangusha marehemu mlangoni pa bafu, kikampooza upande wa kushoto, mkono wa kuandikia ukabaki mzima. Kesho yake kaka mkubwa alikuja, akamlisha uji vijiko sita, akapokea simu, akaondoka, na marehemu akaliandika jina lake katika rejista ya nyumbani, kwenye safu ya aliyemtunza siku hiyo. Kuanzia tarehe 6 Februari hadi tarehe 9 Januari 2023, aliyemgeuza kitandani, akamwogesha, akamfulia na kumlisha ni Foo, na kila jioni, akiwa amesimama pale na beseni, alimwona akiweka vile vistari viwili chini ya jina la kaka, siku mia tatu thelathini na nane, amezihesabu. Mara moja tu alimwomba aandike jina lake. Marehemu hakuinua hata macho.

"Kazi ni ileile," alisema. "Jina la nini?"

Foo aliumia, na leo bado anaumia, na hafichi.

Jumanne tarehe 10 Januari 2023, saa nne asubuhi, marehemu alifariki, kijiko kikiwa mkononi mwa Foo. Jana mchana baba mdogo aliusoma wosia, mstari mmoja tu, kwamba nyumba apewe yule ambaye rejista itaonyesha ndiye aliyemtunza, kikao kikafungua rejista, kikampa kaka nyumba, kikampa Foo miezi miwili ya kuhama pamoja na kazi ya kusoma hapa. Karatasi ya kaka inaendelea kusema kwamba marehemu alitunzwa na mwanawe wa kwanza hadi pumzi ya mwisho. Hapo ndipo inapowekwa chini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa stoo, jirani fundi baiskeli aliyembeba hadi kwenye gari kila Alhamisi ya kliniki, na jirani mshonaji aliyetuazima mashuka yake mazima. Na kwa heshima zote, ninyi ambao milango yenu inatazamana na ule wa marehemu, yeyote aliyemwona kaka mkubwa akiingia ndani siku yoyote baada ya hiyo tarehe 5 Februari, anaombwa asimame.

Fundi baiskeli amekaa. Mshonaji amekaa. Baba mdogo anatazama viatu vyake, na kaka mwenyewe, mwenye nyumba, hajanyanyuka.

Totali, nil.

Pumzika sasa, baba, na huko ulikofika, kama wana rejista, tunakuombea aliyeishika asiwe mvivu wa kuandika majina.